Kupimwa haiba: ulipie jina au ulipie kiwango?

Mtu ambaye hasira zimemvunjia ndoa, au ambaye woga wa kuachwa unamfanya apige simu usiku kucha hadi mwenzake azime ya kwake, siku hizi ana pa kwenda. Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala kuna kliniki binafsi zinazopima haiba, na hospitali za umma kama Mathari, Muhimbili na Butabika zina madaktari wa magonjwa ya akili. Tabu huanza baada ya kipimo. Mgonjwa hutoka na karatasi yenye jina moja, tuseme "haiba ya bodalaini". Amelipa, amejibu maswali mpaka amechoka, na nyumbani wanapomuuliza jina hilo lina maana gani na sasa wafanye nini, hana la kuwaambia.

Siku hizi zipo namna mbili za kupima. Ya zamani humweka mtu ndani ya kundi au nje yake. Mpya hupima ukubwa wa tatizo na kuonyesha sifa gani za mtu zimezidi. Zinatofautiana kwa bei, kwa muda, na zaidi ya yote kwa kile mgonjwa anachoondoka nacho mkononi. Nauweka msimamo wangu mezani mapema: kwa familia inayohesabu shilingi, kipimo cha viwango kina faida zaidi, mradi fedha ziende kwenye muda wa mtaalamu. Dodoso lenyewe halistahili kuwalia pesa nyingi.

Tuanze na makundi, maana ndiyo wengi wanayokutana nayo. Mwongozo wa DSM-5, uliotolewa mwaka 2013 na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani na maandishi yake kurekebishwa mwaka 2022, una matatizo ya haiba 10. Kila moja lina orodha ya dalili na idadi unayotakiwa kufikisha. Bodalaini ina dalili 9. Ukifikisha 5, umo. Ukiwa na 4, humo, hata kama hizo 4 zinakunyima usingizi kila siku.

Piga hesabu mwenyewe uone. Kuna njia 256 za kufikisha dalili 5 au zaidi kati ya 9. Chukua wanawake wawili. Wa kwanza anaogopa kuachwa, hajui yeye ni nani hasa, anahisi utupu, anajikata mkono kwa wembe, na mahusiano yake hupanda na kushuka. Wa pili ni mwepesi wa hasira, hisia zake hubadilika mara nne kwa siku, hutumia fedha na kunywa bila kujizuia, akibanwa huanza kushuku kila mtu, na mahusiano yake pia hupanda na kushuka. Wote wawili watapewa jina moja, na kinachowaunganisha ni dalili moja tu. Kwenye haiba ya kung'ang'ania ukamilifu, inayotaka dalili 4 kati ya 8, watu wawili wanaweza kupewa jina lilelile bila kufanana hata kwa dalili moja. Kisha kuna upande wa pili wa tatizo: mtu mmoja huweza kuangukia makundi mawili au matatu kwa pamoja, akatoka na majina matatu kwa shida ambayo yeye anaiishi kama shida moja.

Njia ya viwango inauliza maswali mawili. Tatizo ni zito kiasi gani? Na linajitokeza kwa sifa zipi? Shirika la Afya Duniani liliichukua njia hii kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Makundi ya zamani yameondolewa. Badala yake kuna ngazi tatu: tatizo la haiba jepesi, la wastani na kali. Chini ya ngazi hizo kuna kitu kinachoitwa ugumu wa haiba, ambacho orodha yenyewe inasema wazi kwamba si ugonjwa. Kimewekwa kwenye sura ya mambo yanayoathiri afya, mbali na sura ya magonjwa ya akili. Kwa mwenye kazi ya serikali, au mwenye kesi ya kulea watoto, tofauti hiyo ni kubwa.

Ili mtu aambiwe ana tatizo la haiba, hali iwe imedumu kwa miaka 2 au zaidi. Mtaalamu anaangalia mtu anajionaje na anajithamini vipi, anaweza kuishika dira ya maisha yake au hawezi, anaishi vipi na wenzake, anawaelewa kiasi gani, na kuna hatari gani ya kujidhuru au kudhuru wengine. Akishapata ngazi, anaweza kuongeza sifa zilizotawala kati ya tano: hisia hasi, kujitenga, kutojali wengine, kutojizuia, na kung'ang'ania utaratibu. Bodalaini imebakizwa kama muundo unaoweza kuongezwa, baada ya baadhi ya wataalamu kulalamika kwamba ikifutwa kabisa wagonjwa wangepoteza njia ya kufikia tiba walizokwisha kuzoea. Wale wanawake wawili sasa wangetoka na karatasi tofauti. Mmoja ana tatizo kali lenye hisia hasi. Mwingine ana la wastani lenye hisia hasi na kutojizuia. Mshauri anayeisoma karatasi hiyo anajua pa kuanzia.

Na DSM-5? Nayo ina njia ya viwango, ila imewekwa sehemu ya tatu ya kitabu. Kamati iliyoiandaa ilitaka ichukue nafasi ya makundi, lakini Desemba 2012 bodi ya chama ikaamua makundi yabaki. Kwa hiyo kitabu kimoja kimebeba mifumo miwili. Mtaalamu akikuambia anatumia DSM-5, muulize ni sehemu ipi. Jibu lake litakuonyesha mara moja utakachonunua.

Kuna ushahidi gani kwamba viwango vinapima vizuri zaidi? Mwaka 2011, Kristian Markon na wenzake walikusanya tafiti 58 zenye washiriki zaidi ya 59,000 kuhusu matatizo ya akili kwa ujumla. Waligundua kwamba vipimo vya viwango viliongeza uthabiti kwa asilimia 15 na usahihi kwa asilimia 37 vikilinganishwa na vya makundi. Wapimaji wawili hukubaliana kwa urahisi zaidi wakiulizwa "ni kiasi gani" kuliko wakiulizwa "yumo au hayumo". Anayepimwa presha analifahamu jambo hili: hakuna anayeridhika kuambiwa "unayo" bila kutajiwa namba.

Sasa vifaa vyenyewe. Kinachojulikana zaidi upande wa viwango ni PID-5, dodoso la sehemu ya tatu ya DSM-5. Toleo refu lina sentensi 220, la kati 100, na fupi 25. Lipo pia toleo la kujazwa na mtu anayekufahamu vizuri, mke, kaka au rafiki wa siku nyingi, na mimi naliona ndilo linalosahaulika bure kuliko yote, kwa sababu mwenye tatizo la haiba mara nyingi ndiye wa mwisho kuliona. Toleo refu, toleo fupi na hilo la mtu anayekufahamu yamewekwa wazi kwenye tovuti ya chama hicho cha Marekani, na mtaalamu anaruhusiwa kuyatumia kwa wagonjwa wake bila malipo. Kliniki ikikutoza "ada ya dodoso" kwa PID-5, una haki ya kuuliza ada hiyo ni ya nini.

Toleo fupi linafanya kazi hivi. Kila sentensi unaijibu kwa namba kuanzia 0, yaani si kweli kabisa au mara nyingi si kweli, hadi 3, yaani kweli kabisa au mara nyingi ni kweli. Sentensi tano hupima hisia hasi, tano kujitenga, tano uhasama, tano kutojizuia, na tano fikra na mang'amuzi yasiyo ya kawaida. Tuseme kwenye hisia hasi umejibu 3, 2, 3, 2 na 3. Jumla ni 13, gawanya kwa 5, unapata 2.6. Kwenye kujitenga umejibu 1, 0, 1, 0 na 0. Jumla ni 2, wastani 0.4. Picha imeshaanza kuonekana: mtu anayeumia sana moyoni lakini bado anawatafuta watu. Kazi hiyo yote haichukui dakika kumi. Lakini namba hizo peke yake hazisemi kama una ugonjwa wala ni mzito kiasi gani. Hilo linahitaji mtu aliyefunzwa, akae na wewe, aulize mifano ya maisha yako, na asikilize.

Kwa wanaotumia ICD-11 kuna dodoso la PiCD lenye sentensi 60 kwa ajili ya sifa, lililotoka mwaka 2018, na jingine la maswali 14 la kupima uzito, la mwaka 2021. Yote mawili yalitengenezwa na watafiti. Uzito unaweza pia kupimwa kwa LPFS-BF, maswali 12 tu.

Upande wa vifaa vya kununua kuna MMPI-3 yenye maswali 335, PAI yenye 344, na MCMI-IV yenye 195. Hivi vinauzwa kwa leseni. Kliniki hulipa kwa kila anayepimwa au kwa kila ripoti inayotolewa na kompyuta, na gharama hiyo huishia kwako. Viwango vyake vya ulinganisho vilitokana na watu wa Marekani, jambo ambalo mwenyeji wa Kisumu au Tanga anastahili kuelezwa kabla hajalipa. Lakini haki yavyo tuvipe. Vina mizani ya ndani inayonusa kama mtu anatia chumvi au anaficha, kitu ambacho PID-5 ya kawaida haina. Kama ripoti inakwenda mahakamani, au ndugu wanagombania malezi ya mtoto, hapo nakushauri ulipe.

Kuna kifaa kimoja cha zamani ambacho Afrika Mashariki ina hisa nacho. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa mahojiano ya IPDE, yalijaribiwa kwa wagonjwa 716 katika vituo 14 vya nchi 11, na Nairobi ilikuwa miongoni mwavyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha ambazo IPDE imetafsiriwa. Mahojiano haya yanataka tabia iwe imedumu miaka 5, na angalau dalili moja iwe imeonekana kabla ya umri wa miaka 25. Yanachosha, yanaweza kumaliza asubuhi yako. Kinachonivutia ni kwamba kila swali hupewa 0, 1 au 2, na mwishoni mpimaji anapata jina na pia jumla ya alama. Mtu akipimwa kwa IPDE na akapewa jina tu, nusu ya alicholipia imebaki kwenye faili ya kliniki. Aiombe.

Tuingie kwenye fedha. Bei za kliniki hutofautiana mno, kwa hiyo tufanye hesabu kwa muda. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, saa moja ya mwanasaikolojia ni shilingi 4,000 za Kenya. Mahojiano kamili ya makundi yakichukua saa 2, kuandika ripoti saa 1, na kukurudishia majibu nusu saa, ni saa 3 na nusu: shilingi 14,000. Kwa njia ya viwango, dodoso unalijaza nyumbani bila malipo, mahojiano ya uzito saa 1, kukokotoa na kuandika nusu saa, na kurudisha majibu saa 1 nzima. Hizo ni saa 2 na nusu: shilingi 10,000. Umebakiwa na 4,000, ambazo ni kikao kimoja cha tiba, na muda wa kuelezwa majibu umekuwa maradufu. Kifaa cha leseni ongeza juu ya hapo.

Saa hiyo ya kurudishiwa majibu ndiyo watu wengi huikosa, na ndiyo ningeipigania kuliko kitu kingine chochote kwenye ankara. Hapo ndipo mgonjwa anauliza kwa nini alama yake ya uhasama iko juu, mtaalamu anafungua dodoso, wanaitazama sentensi iliyoipandisha, na mgonjwa anasema, "Hapana, hiyo niliielewa vingine." Alama inabadilika. Ripoti inakuwa ya kweli zaidi.

Hilo linatuleta kwenye lugha na mila, ambako kosa dogo linagharimu sana. Vipimo vya DSM, vya makundi na vya viwango, vinapima imani na mang'amuzi yasiyo ya kawaida. Mama wa Pemba anayesema pepo humjia, na jirani zake wote hawaoni ajabu, anaweza kukusanya alama nyingi kwenye sifa hiyo bila kuwa na ugonjwa wowote. Wanaotunga vipimo wanalijua jambo hili na wanaagiza mila zizingatiwe, lakini agizo hilo halifanyi kazi kama mpimaji ana haraka. ICD-11 inapunguza mtego huu, kwa sababu sifa zake tano hazina kipengele hicho. Hali ya aina hiyo, ikiwa ni tatizo kweli, inaangaliwa kwenye sehemu nyingine ya sura hiyohiyo ya magonjwa ya akili, pamoja na magonjwa ya sizofrenia.

Hali ni hiyohiyo kwa kutegemea wengine. DSM-5 ina kundi la haiba tegemezi, na moja ya dalili ni kushindwa kuamua mambo ya kila siku bila ushauri mwingi wa watu. Kijana wa Bagamoyo asiyenunua kiwanja mpaka azungumze na baba, ami na mama mdogo hana ugonjwa, ana adabu. Njia ya viwango haina kundi hilo. Inauliza kama namna mtu anavyoishi na wengine inamletea maumivu au inamkwamisha, na kijana huyo atajibu kwamba haimkwamishi.

Hata hivyo, nisiisifie njia ya viwango kupita kiasi. Sifa tano zenyewe zina asili yake kwenye tafiti zilizoegemea zaidi nchi za Magharibi. Amber Thalmayer na wenzake walipochunguza mwaka 2020 maneno ambayo wasemaji wa Kimaa hutumia kueleza tabia za watu, mfumo wa sifa tano haukujitokeza vizuri. Mifumo yenye sifa chache zaidi ilikaa vyema. Kwa hiyo uzito wa tatizo uupe nafasi ya kwanza na sifa zije baadaye. Maumivu, kazi iliyopotea, ndoa iliyovunjika, hatari ya kujidhuru: hayo yanaeleweka Kajiado kama yanavyoeleweka Chicago.

Mafunzo ya kazini yanayogawa wafanyakazi kwa herufi nne yawekwe kando kabisa. Hayo ni ya kuwafanya watu wazungumze ofisini. Hayakutengenezwa kutambua ugonjwa, na hakuna anayepaswa kuyalipia kwa kusudi hilo. Kwa kijana wa miaka 15, PID-5 ina toleo la umri wa miaka 11 hadi 17, lakini mzazi adai kiwango na maelezo tu, asikubali jina zito kwa mtoto ambaye haiba yake bado inajengeka.

Kipimo kina thamani kwa sababu kinaelekeza fedha za tiba, ambazo ni nyingi kuliko za kupima. Kwa bodalaini, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 unasema dawa zisitumiwe mahususi kwa tatizo lenyewe wala kwa dalili zake. Familia zinazonunua dawa nne kila mwezi "za bodalaini" zimuulize daktari kila moja inatibu nini, huku zikikumbuka kwamba dawa yoyote haiachwi ghafla bila usimamizi wake. Na mwaka 2009, utafiti wa Toronto uliwafuatilia wagonjwa 180 kwa mwaka mmoja. Nusu walipata tiba maarufu ya DBT yenye vikao vya mtu mmoja na vya kikundi, nusu walipata uangalizi mzuri wa kawaida wa madaktari wenye uzoefu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti kubwa kati yake. Kwa hiyo mwenye tatizo jepesi au la wastani asikate tamaa kwa kuwa mjini kwake hakuna tiba yenye jina kubwa. Mshauri makini anayeonana naye kila wiki, akiijua ngazi ya tatizo na sifa mbili zilizozidi, anaweza kumfikisha mbali. Mwenye tatizo kali, hasa anayejidhuru, ndiye wa kutafutiwa hospitali yenye timu nzima, na ndiye familia ichangishane kwa ajili yake.

Halafu kuna gharama ya miaka ijayo. Katika Hospitali ya McLean, Marekani, Mary Zanarini na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 290 wa bodalaini waliowahi kulazwa. Ndani ya miaka 10, asilimia 93 walipata kipindi cha angalau miaka 2 bila kufikisha vigezo vya ugonjwa. Jina lililoandikwa kwenye faili mwaka wa kwanza halina namna ya kuonyesha safari hiyo. Kiwango kinayo. Ukimaliza kupimwa, omba nakala ya alama zako kwa kila sifa na ngazi ya uzito, zikiwa na tarehe, jina la dodoso na toleo lake. Baada ya mwaka jaza dodoso lilelile, kwa mtaalamu yuleyule au mwingine. Safari hii utalipia saa moja tu ya kukaa naye na kuzilinganisha karatasi mbili.